Utawala wa Qing na mabalozi wa kigeni

SWALI: Nimesikia kuwa China ya kifalme haikuwa na wizara ya mambo ya nje. Ilielewanaje na mataifa mengine?

JIBU: Ulichosikia ni kweli hadi mwaka 1861. Kabla ya hapo kila mgeni alikuwa na mlango wake. Wajumbe wa Korea na Vietnam, waliokuja na tunu kwa mfalme, walipokelewa na wizara ya taratibu za ibada na heshima. Wamongolia na Watibeti walikuwa na ofisi yao. Wafanyabiashara wa Ulaya kwa muda mrefu waliishia bandarini Guangzhou.

Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliingia Beijing. Mwaka uliofuata Mwanamfalme Gong akapewa ofisi mpya ya mambo ya nje, Zongli Yamen. Wakubwa wake walikuwa na vyeo vingine serikalini, kwa hiyo kazi hii waliifanya kama kibarua cha pembeni. Mambo mengi mazito aliyamaliza gavana Li Hongzhang kule Tianjin, na forodha iliendeshwa na Robert Hart, mtu wa Ireland.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa adabu: je, balozi apige magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso mbele ya mfalme? Mwaka 1873 mabalozi walikubaliwa kuinama tu. China nayo ikaanza kutuma mabalozi wake nje: Guo Songtao, balozi wake wa kwanza mjini London, alisifu aliyoyaona Ulaya katika shajara yake. Serikali ikaipiga marufuku.

Wizara kamili, Waiwubu, ilikuja mwaka 1901, nayo kwa shinikizo la mataifa yaliyoishinda China.