Siki ya Matofaa, Tembe Zangu na Birika

Nilipopatikana na ugonjwa wa sukari, mwenzangu wa chama alinivuta kando. "Wachana na hizo tembe, dada. Siki ya matofaa, kijiko kila asubuhi." Nikamsikiza. Niliinywa bila maji, koo likawaka hadi jioni, na tembe zangu za metformini nikaziweka kabatini wiki mbili. Siku niliyopima kabla ya kiamshakinywa, mashine ilisoma 15.2. Tembe nilizimeza asubuhi hiyo hiyo.

Siki yenyewe sikuitupa. Asidi yake huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo sukari haipandi kwa kishindo baada ya ugali. Lakini ni msaada mdogo. Kwangu, kupunguza ugali nusu na kuongeza sukuma wiki kumefanya kazi kuliko chupa nzima. Natia vijiko viwili vya chai kwenye kachumbari badala ya ndimu, basi. Ukidunga insulini, zungumza na daktari kwanza, maana sukari yaweza kushuka mno. Na usiinywe kavu: hula meno, na sisi wa Nakuru tuliokulia maji ya kisima yenye floraidi, meno yetu yana hadithi yake tayari.

Kuitengeneza hakuna gharama. Jaza mtungi wa kioo nusu kwa maganda ya matofaa, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa na kijiko cha sukari kwa kila kikombe. Funika kwa kitambaa, la sivyo vijinzi watahamia. Koroga kila siku, maganda yasielee yakaota ukungu; ukiona ukungu wa kijani au mweusi, mwaga yote. Baada ya wiki tatu chuja, kisha ngoja mwezi mwingine. Baridi ya hapa huichelewesha, na ya Molo zaidi. Achari usihifadhi kwa siki hii, kwa kuwa hujui ukali wake.

Birika lenye utando mweupe? Siki nusu, maji nusu, chemsha, acha saa moja, suuza. Siki nyeupe ya dukani hufanya vivyo hivyo kwa bei nafuu. Sakafu ya sementi usiiguse nayo, itamomonyoka. Wala usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo. Hutoa gesi ya sumu.

Lakini floraidi ya kisima haitoki kwa siki kama utando wa birika. Maji ya kunywa nayapitisha kwenye mkaa wa mifupa, chujio ambalo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imelisambaza huku kwetu.