SOMO LETU: MAJI YA NDURUMA HUFANYA UMEME

Leo tunajifunza jinsi maji yanavyofanya umeme. Tuanze na mto tunaoujua.

Mto Nduruma unatoka Mlima Meru. Wakulima huuchota kwa mifereji, wakamwagilia mahindi, maharage na nyanya. Maji yanayobaki huteremka mpaka mto Kikuletwa. Nao Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi. Bwawa hilo lilimalizika kujengwa mwaka 1965. Hapo pana kituo cha umeme chenye mitambo 2.

Tulikwenda kukiona kituo hicho pamoja na binti mmoja wa Nduruma. Yuko kidato cha nne, na anataka kusomea uinjinia. Baba yake alikuwa na mashaka. Alituuliza, "Walimu, mtoto wa kike na mashine, wapi na wapi?" Tukamjibu, "Mzee, twende wote ukaone mwenyewe." Akakubali.

Tulipofika tulipewa kofia ngumu. Fundi wa zamu alituonya tusiguse kitu. Ndani mitambo inanguruma, hata ukitaka kusema na mwenzako lazima upaze sauti.

Binti akamwamkia fundi, "Shikamoo."

"Marahaba, binti. Kwenu mnamwagilia? Ukisimama katika mfereji wenye maji mengi ya mteremko, unaonaje?"

"Yananisukuma miguu."

"Basi, kazi ya hapa ndiyo hiyo."

Kisha akatueleza hatua kwa hatua:

1. Bwawa huweka maji mengi mahali pa juu.

2. Maji hushuka kwa nguvu ndani ya bomba kubwa, yakalisukuma gurudumu la chuma. Gurudumu hilo huitwa turbaini.

3. Turbaini huzungusha jenereta. Ndani ya jenereta mna sumaku na nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka karibu na nyaya, umeme hutokea.

4. Transfoma huongeza msukumo wa umeme, ili usafiri mbali kwa waya bila kupotea sana njiani.

Mitambo yote 2 ikifanya kazi kwa nguvu zote, hutoa megawati 8, yaani wati 8,000,000. Lakini maji yenyewe hayaishi hapo. Yakitoka huendelea na safari mpaka kituo cha Hale, kilichofunguliwa mwaka 1964, na kituo kipya cha Pangani cha mwaka 1995. Ndipo yaingie baharini.

Baba yake binti akauliza, "Na maji yakipungua?"

Fundi akajibu, "Mzee, tunapunguza nguvu ya mtambo, au tunauzima. Sisi hatutengenezi maji. Mengine yanatoka huko kwenu."

Mzee alinyamaza. Tulipokuwa njiani kurudi akasema, "Kumbe! Na mfereji wetu umebomoka, usiku kucha unamwaga maji barabarani bure." Binti akasema, "Baba, kuuziba ule mfereji nao ni uinjinia." Mzee akacheka. Halafu akatuuliza masomo yanayotakiwa.

Ndugu wasomaji, jibu ni hili: hisabati na fizikia ndizo mlango. Arusha kuna Chuo cha Ufundi, kilichoanza mwaka 1978, na kinafundisha mambo ya umeme. Mtoto wa kike au wa kiume anayependa masomo hayo apewe muda wa kusoma jioni. Kazi za nyumbani tugawane.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini bwawa hujengwa mahali palipo juu kuliko mtambo?

2. Taa 1 hutumia wati 10. Wati 8,000,000 zinaweza kuwasha taa ngapi?

3. Mfereji wa kijiji chenu unavuja wapi? Nani atauziba, na lini?