Mtoto Anapopunguziwa Dawa ya Kifafa: Sahani Yake Nyumbani
Kijitabu cha familia za Kisii na Nyamira

Mtoto amemaliza miaka miwili au zaidi bila kuanguka, na daktari ameamua kumpunguzia dawa. Ukirudi nyumbani, nyanya yake hukosi kumsikia akiuliza: "Sasa atakula nini ili ugonjwa usirudi?"

Jibu la kweli ni kwamba hakuna chakula kinachoshika nafasi ya dawa ya kifafa. Vilevile, hakuna mboga wala nyama ya kwetu inayorudisha kifafa, kwa hivyo usimnyime mtoto mayai au samaki kwa sababu ya maneno ya majirani. Chakula kina kazi nyingine: kumkuza, kumkinga na magonjwa yanayoleta homa, na kurudisha kile ambacho dawa imepunguza mwilini.

Kwanza, ratiba ya daktari

Dawa hupunguzwa kwa miezi, si kwa siku. Fenobabitoni, ambayo watoto wengi hutumia, ndiyo inayohitaji subira zaidi. Ikikatwa ghafla inaweza kuleta mtukutiko usiokoma. Usigawe kidonge kwa kukisia, wala usiruke dozi kwa sababu mtoto "amepona." Ikibaki ya siku chache, nenda uongezewe kabla haijaisha. Watoto walio wengi, kama wawili kati ya watatu, huendelea vizuri baada ya kuacha. Wengine hurudiwa, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Akirudiwa, si kosa la mpishi.

Mifupa na damu

Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zikitumiwa muda mrefu hupunguza vitamini D, na baadhi yake hupunguza foleti pia. Vitamini D hujenga mifupa, foleti hujenga damu. Vitamini D hupatikana hasa kwa jua: mwache mtoto acheze nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi. Kalisi ya mifupa iko kwenye maziwa, na kwenye omena wanaoliwa wazima na mifupa yao. Omena wanaotoka Ziwa Victoria huuzwa kwa kipimo Daraja Mbili na Keroka, na mara nyingi ni rahisi kuliko nyama. Chambua, osha kwa maji moto, kaanga na nyanya na kitunguu. Kwa mtoto mdogo, saga waliokauka utie kijiko kwenye uji wa wimbi.

Foleti tunayo shambani: chinsaga, managu, enderema, kunde na maharagwe. Tatizo liko jikoni. Chinsaga ni chungu, kwa hivyo wengi huichemsha muda mrefu, humwaga maji, kisha huiunga kwa maziwa na kuilaza hadi kesho. Ni tamu, hilo halina ubishi, lakini foleti nyingi imeondoka na yale maji. Kwa mtoto huyu, changanya chinsaga na enderema na majani ya malenge ili uchungu upungue, tia maji kidogo, funika sufuria, na epua mboga ikiwa bado kijani. Maziwa ongeza mwishoni. Hapo huna maji ya kumwaga.

Usinunue vidonge vya foleti au vitamini bila kuuliza kliniki. Foleti nyingi inaweza kupunguza nguvu ya fenitoini.

Chai

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, sisi wa nchi ya majani chai. Chai ikinywewa pamoja na mboga au maharagwe huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na mtoto huishiwa damu huku akila vizuri. Asubuhi mpe uji au maziwa. Akililia chai, iwe hafifu, saa moja au mbili baada ya chakula. Kwenye mboga mkamulie ndimu, au mpe chungwa au pera. Hivyo husaidia chuma kuingia mwilini.

Saa za kula

Njaa ya muda mrefu na usingizi mchache vinaweza kuamsha mtukutiko kwa baadhi ya watoto. Familia inayoamkia kuchuma chai iandae kiamsha kinywa usiku: ndizi za kupika au viazi vitamu, na yai la kuchemsha. Mtoto asiende shuleni tumbo tupu, wala asifungishwe kwa maombi. Ile lishe maalumu ya mafuta mengi inayosifiwa kutibu kifafa hupangwa na kufuatiliwa hospitalini; usiijaribu nyumbani.

Valproeti huongeza hamu ya kula, kwa hivyo inapopunguzwa mtoto anaweza kula kidogo kuliko alivyozoea. Mpime uzito kila mnapokwenda kliniki. Kwa aliye kati ya miezi sita na miaka mitano, mhamasishaji wa afya wa kijijini atapima mkono kwa utepe: chini ya sentimita 12.5 mpeleke kituoni, chini ya 11.5 usingoje kesho.

Akianguka

Mlaze ubavu, angalia saa, usitie kijiko wala maji mdomoni. Asipewe chakula hadi azinduke kabisa na aweze kumeza. Mtukutiko ukipita dakika tano, au ukirudia kabla hajazinduka, mkimbize kituo kilicho karibu; akihitaji rufaa atapelekwa hospitali ya kaunti Nyamira au hospitali ya rufaa ya Kisii. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Bebeni daftari la kliniki na dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba kama zipo.