Weka antena ya nje, tangazo la chanjo likufikie



Msimu uliopita nilifika boma moja hapa Mikese nikiwa na chanjo kwenye kasha la barafu. Ng'ombe walikuwa wameshahamishwa kwenda malisho ya mbali. Tangazo lilisomwa redioni, ila redio ya boma ilikuwa inakoroma tu. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka: kilima kikiwa katikati, au boma likiwa bondeni, hayafiki vizuri. Dawa yake ni antena ya nje iliyoinuliwa juu.

Hili si jambo la muziki peke yake. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilifika mkoa wa Morogoro baada ya mvua kubwa. Tanzania nzima watu zaidi ya 100 walikufa, na mifugo mingi ilitupa mimba. Anayesikia onyo mapema hachinji mnyama mgonjwa, huchemsha maziwa, wala hashiki mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu.

Mahitaji
- Waya wa shaba, vipande 2 vya sentimita 75 kila kimoja
- Waya wa antena ya televisheni, wa kutosha kutoka juu hadi redioni
- Fito kavu ya sentimita 160 na mwanzi mkavu wa mita 5 au 6
- Tepu ya umeme na kamba

Hatua
1. Funga vipande viwili vya shaba juu ya fito, kimoja kila upande. Katikati visigusane.
2. Menya waya wa televisheni. Unganisha uzi wa ndani na kipande kimoja, na wavu wa nje na kipande cha pili. Funga tepu maji yasiingie.
3. Funga fito juu ya mwanzi, simamisha, kaza kwa kamba.
4. Kwa vituo vya Morogoro mjini, vilivyo magharibi yetu, fito ielekee kaskazini na kusini. Sauti ikiwa bado hafifu, isimamishe wima ujaribu tena.
5. Chini, uzi wa ndani uguse antena ya redio. Wavu usiiguse. Redio ikiwa na tundu la antena ya nje, tumia tundu hilo.

Tahadhari
- Usisimamishe mwanzi karibu na nyaya za umeme. Ukianguka, usiweze kuzifikia.
- Weka mbali na zizi na nyumba. Wingu likianza kujikusanya, chomoa waya redioni mapema. Radi ikishaanza, usiuguse.
- Pitisha waya juu, mbuzi wasiutafune.
- Okota kila kipande cha waya kilichokatwa. Ng'ombe hula bila kuchagua. Waya hukaa tumboni, hutoboa, na huweza kufika kwenye moyo. Kwa kutafuta tangazo la kuokoa ng'ombe, usije ukamuua kwa waya wa antena.

Redio ikishasikika, mpe mtu mmoja bomani kazi ya kusikiliza taarifa, naye awapigie simu vijana walioko malishoni. Lakini ukiona mimba zinatupwa kwako, usingoje redio. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.