Bao, sataranji na gunia la lumbesa

Dumila ni njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita hapo na nyingine inachepuka kwenda Kilosa, hivyo malori, wakulima na madalali wote hukutana. Wapo pia wacheza bao, na wapo ndugu zetu wanaowahesabu hao kuwa ni wavivu tu. Mimi nimekaa nikawatazama, na hukumu hiyo siikubali.

Ndugu msomaji, bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Ukila, unazisambaza ulizokula, na kete ya mwisho yaweza kukulisha tena na tena. Asiyehesabu itaangukia wapi anacheza gizani.

Lakini ipo sheria moja nzito: mwenye nafasi ya kula, lazima ale. Fundi huijua, akamwachia mwenzake kete tatu makusudi. Watazamaji wanapiga kelele, "Kula! Kula!" Akishazila, nyumba yake inabaki wazi.

Sataranji haikulazimishi hivyo. Askari wa mpinzani akiachwa wazi, unaweza kumtazama, ukajiuliza kwa nini ameachwa, kisha ukampita. Basi bao linatuzoesha kukitambua chambo, na sataranji kukiacha.

Sasa mtazame mkulima anayefuatwa na dalali mahindi yakiwa bado shambani. Fedha taslimu, leo hii. Je, kwa nini ananifuata kabla ya mavuno? Gunia litapimwa kwa mizani au litajazwa lumbesa? Hapo hakuna sheria ya kumlazimisha kula, ila shida zake na kelele za watazamaji.

Watu wa mijini nao wasicheke. Kabla DECI haijasimamishwa mwaka 2009, maelfu walitoa fedha zilizoitwa mbegu, wa mwanzo wakavuna, wengine wakafuata kwa kuwaona wao. Mwenye kuhesabu angeuliza: mavuno haya yanatoka shamba gani, kama si mbegu za wanaoingia nyuma yangu? Na wa mwisho atavuna kwa nani?

Najua nitaulizwa hukumu. Wanazuoni walihitilafiana kuhusu sataranji: wapo walioiharamisha, na Imam Shafi aliiona makuruhu. Ikiingia kamari hakuna mjadala, wala simtetei anayepitwa na Alasiri akiwa ubaoni.

Anayetaka kuwafundisha vijana asitazame nani kashinda tu. Mchezo ukiisha, warudi nyuma hadi pale mambo yalipoharibika, na aliyeshindwa aeleze alidhani mwenzake angefanya nini. Katika sataranji ni rahisi, kwa kuwa hatua zinaweza kuandikwa. Katika bao itabidi wakumbuke, na watazamaji wanyamaze.