Dondoo muhimu: Paneli ya mlango ikioza

Milango ya mbao kwenye majengo ya zamani, kama ya misheni ya Tosamaganga karibu na Iringa, huanza kuoza chini, maji ya mvua yanaporukia. Usikimbilie kutupa mlango mzima. Choma mbao kwa bisibisi: isipozama, msasa na rangi vinatosha. Ikizama kirahisi, toa paneli.

Bandua kwa patasi vile vipapi vyembamba vinavyoishikilia upande wa ndani, taratibu, fremu isijeruhiwe. Kwa paneli mpya, mninga hudumu, paini ya Sao Hill ina nafuu ya bei, ila mbao iwe imekauka na ipakwe dawa pande zote, hata kingo, kabla ya kuingizwa.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: paneli haigandishwi kwa gundi wala kupigiliwa. Mbao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, hivyo acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Misumari ya vipapi iingie kwenye fremu, si kwenye paneli. Paneli iliyobanwa hupasuka. Fundi aking'ang'ania gundi, tafuta mwingine.