Kabla ya Kuacha Kazi, Muulize Aliyewahi Kuacha

Vijana wengi humwendea mtu mzoefu na swali moja tu: niende au nibaki? Jibu la swali hilo halimsaidii sana anayeuliza, kwa sababu mzoefu hayajui mahesabu ya nyumbani kwake. Anachokijua vizuri ni namna alivyopima uamuzi wake mwenyewe, alichokiogopa na kilichomponza. Hayo ndiyo ya kumchimba.

Chukua mfano wa Wangari Maathai. Mwaka 1982 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi, alikokuwa profesa mshiriki na mkuu wa idara, ili agombee ubunge. Akaenguliwa kwa madai kwamba hakujiandikisha upya kupiga kura. Chuo kikakataa kumrudisha, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Hata hivyo alikuwa na shughuli nyingine: Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977. Ubunge aliupata mwaka 2002, na Nobel ya Amani mwaka 2004. Wengi husimulia hiyo Nobel, lakini anayetaka kubadili kazi ana zaidi ya kujifunza katika ule mwaka 1982.

Mtafute nani?

Mtafute aliyepita njia unayoitamani na ambaye hafichi hasara zake. Usimdharau aliyekutangulia kwa miaka michache. Bado anakumbuka bei za vifaa na usumbufu wa kuanza. Anayetaka umlipe kwanza ili akufungulie milango, achana naye.

Mwombe kitu kidogo, kinachoeleweka

Ujumbe kama huu unatosha: "Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, nataka kuhamia kwenye umeme wa jua. Naomba nusu saa yako, siku utakayokuwa na nafasi, unieleze ulivyoanza. Nitakufuata ulipo."

Mkikutana, uliza: Ni gharama gani ilikushtukiza? Ulijikimu vipi kabla wateja hawajaja? Nani alikukataza, na hoja yake ilikuwa ipi? Kama ungeanza leo, ungeanzia wapi?

Kisha omba umsindikize kazini siku moja. Ukiwa juu ya paa saa saba mchana, bati linachoma, na chini mteja anang'ang'ania kwamba betri yake ndogo iwashe friji usiku kucha, utajua kama unaipenda kazi yenyewe au ulizipenda picha zake.

Pima hatari kwa mahesabu

Kama umeajiriwa Tanzania, mambo matatu yasikupite:

- Kodi. Wenye nyumba wengi hudai ya miezi sita kwa mkupuo. Usiache mshahara kodi ikiwa inakaribia kuisha.
- Notisi. Anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida hutakiwa kutoa notisi ya siku 28. Soma mkataba wako, kisha aga vizuri. Bosi wa jana anaweza kuwa mteja wa kesho.
- Mafao. Fao la upotevu wa ajira limewekwa kwa anayepoteza kazi, si kwa anayejiuzulu kwa hiari. Usilihesabu kwenye akiba yako.

Mpelekee mzoefu wako hesabu hizo zikiwa kwenye karatasi, umwombe akuonyeshe ulichosahau. Halafu tenganisha hatua unazoweza kurudi nyuma na zile usizoweza. Kufanya kazi mpya siku za Jumamosi, au kuomba likizo ujaribu, ni hatua ya kurudika. Kuuza kiwanja cha familia ununue vifaa si ya kurudika, na haifai iwe ya kwanza.

Rudi na taarifa

Baada ya miezi michache mweleze ulichofanya, hata kama hukufuata alivyosema. Wazoefu wamechoshwa na waomba ushauri wasioonekana tena. Siku ikitokea kazi kubwa inayohitaji mtu wa kuaminika, hukumbukwa yule aliyerudi.